Sharifu wa Kwenye Kaseti: Desderius Mihayo, 1955–2007

Jumapili tarehe 6 Machi 1994, afisa wa uhamiaji katika uwanja wa ndege wa Seeb, Oman, aligonga muhuri kwenye ukurasa wa tano wa pasi ya Desderius Mihayo. Pasi hiyo ipo na muhuri unasomeka. Sababu ya safari iliandikwa udereva. Haikuwa sababu yote, na kabla ya kufariki marehemu aliagiza kwamba iliyobaki isifichwe.

Desderius alizaliwa Ipuli, Tabora, tarehe 11 Aprili 1955. Pasi inasema 1957, kitabu cha ubatizo kinasema 1955, na kitabu ndicho sahihi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Mihayo, fundi wa reli, na mama Nyamizi. Baba alikuwa Mmoraviani na mama Mkatoliki, wakaafikiana kugawana watoto. Wa kwanza alibatizwa upande wa mama. Wa pili, Elikana, aliyezaliwa 1959, alibatizwa upande wa baba. Hawakupata wa tatu, kwa hiyo mgogoro uliishia hapo.

Alisoma shule ya msingi Ipuli na kumaliza kidato cha nne Tabora mjini mwaka 1974. Kiingereza ndicho alichokipenda. Mwaka 1977 hadi 1979 alifundisha somo hilo darasa la tano, na wanafunzi wake wanakumbuka kwamba hakumruhusu mtu kutafsiri neno mojamoja. "Nipe maana," alisema, "maneno baki nayo." Aliacha ualimu akawa dereva wa malori ya tumbaku ya chama cha ushirika, na mdogo wake akawa utingo, kisha dereva, katika chama hichohicho.

Tarehe 25 Agosti 1979 alifunga ndoa na Veneranda. Hawakujaliwa mtoto. Mke wa Elikana alipofariki kwa uzazi mwaka uliofuata, Veneranda alimchukua kichanga, Dativa, Elikana akahamia kwao, na tangu hapo nyumba ikawa ya watu wanne.

Jumamosi tarehe 18 Agosti 1990, katika kilabu cha pombe cha Urambo, Elikana alichomwa kisu na fundi wa malori aliyefanya naye kazi, Msafiri. Ugomvi ulikuwa juu ya jeki. Jeki ya lori ilikuwa imepotea na Msafiri alisema mbele ya watu kwamba Elikana ameiiba. Elikana alifariki njiani kuelekea Tabora, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Jalada lilifunguliwa. Msafiri hakupatikana.

Siku ya arobaini mama Nyamizi alimwita mwanawe mkubwa nyuma ya jiko. Veneranda alikuwepo na anayakumbuka maneno. "Baba yako hayupo. Mkubwa ni wewe. Mtafute."

Mwishoni mwa 1993 mtu aliyerudi likizo kutoka Muscat alisema amemwona Msafiri kwenye magereji ya Ghala, mtaa wa mafundi wa mji huo. Wakati huohuo, mfanyabiashara mmoja wa Tabora alikuwa akimtafutia shangazi yake dereva anayejua Kiswahili na Kiingereza. Shangazi huyo alikuwa Bi Khole, mjane, mzaliwa wa Tabora, aliyehamia Oman na familia yake mwaka 1972 na kukaa Wattaya, mtaa wa Muscat. Desderius aliomba kazi hiyo na akaipata. Kwa Veneranda alisema anakwenda kutafuta maisha. Veneranda hakumwamini, naye alijua kwamba haaminiwi.

Magereji ya Ghala ni mengi, na dereva hawezi kuingia gereji bila gari bovu. Kitabu cha matengenezo kilichobaki ndani ya gari la Bi Khole kinaonyesha kwamba mwaka 1995 oili ilibadilishwa mara kumi na nne, kila mara gereji tofauti. Ghassan, mwana wa Bi Khole, alikuwa na ofisi wizarani na jicho la kuona mambo kama hayo.

"Dezideri, gari hili linaumwa nini? Kila mwezi kwa tabibu, na kila mwezi tabibu mpya."

"Linazeeka, Bwana Ghassan."

"La mwaka jana hili, yakhe."

Kazi yake nyingine haikuwa kwenye mkataba. Mume wa Bi Khole, aliyefariki 1993, alifanya kazi visima vya mafuta, na Mmarekani mmoja alimwachia sanduku la kaseti arobaini na moja. Zilikuwa michezo ya zamani ya redio ya Kimarekani: majambazi wenye visasi, farasi, bastola, na watu wa serikali wanaowafuata jangwani. Kwa miaka kumi na mitano mzee yule alizisikiliza kila alasiri, akicheka peke yake. Bi Khole hakujua Kiingereza.

"Nnataka kujua," alimwambia dereva wake, "marehemu alikuwa akimcheka nani."

Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya alasiri waliegesha gari ufukweni Bustan, wakitazama bahari. Desderius alitia kaseti, akaisikiliza kidogo, akaizima, akaeleza. Katika kaseti ya kwanza mtu wa serikali aliitwa *sheriff*, na Bi Khole, aliyeketi nyuma, alilidaka neno hilo kabla halijatafsiriwa.

"Sharifu? Kumbe sharifu. Alhamdulillahi. Mimi nikidhani anasikiliza upuuzi."

Desderius alikuwa na wiki tatu kazini. Hakumsahihisha. Tangu siku hiyo mwenye nyota kifuani akawa mtu wa ukoo wa Mtume, na haikuwezekana tena anywe ulevi. Akiingia baa, Desderius alisema ameingia mkahawani.

"Na hivyo vinavyovunjika?"

"Vikombe, Bibi. Wanagombana."

"Kwa kahawa?"

"Kahawa yao kali."

Haikuwezekana pia sharifu ampige risasi mtu aliyekwisha kutupa silaha. Kwenye kaseti jambo hilo hutokea. Desderius alizima redio mapema na kusema kwamba jambazi amefungwa kamba, amepandishwa farasi, amepelekwa kwa hakimu. Kwa miaka mitatu, dereva aliyekuja Muscat kumuua mtu alimsimulia mwanamke mzee hadithi arobaini na moja ambazo ndani yake hakuuawa mtu aliyekamatwa. Marehemu mwenyewe aliyasema hayo hospitalini, bila kutabasamu.

Alimpata Msafiri Septemba 1997, katika gereji moja ya Ghala, nyuma, mahali pa kuzibulia rejeta. Hakuingia. Alhamisi sita mfululizo, baada ya kumshusha Bi Khole kwa dada yake, aliegesha gari upande wa pili wa barabara na kutazama. Alijua saa anayotoka, njia anayopita na mahali anapokaa peke yake kula. Wili spana, chuma cha kufungulia magurudumu, aliitoa kwenye buti akaiweka chini ya kiti chake.

Alhamisi tarehe 13 Novemba 1997 mguu wa Bi Khole uliigusa.

"Chuma hiki mahali pake si nyuma?"

"Nimesahau kukirudisha, Bibi."

Bi Khole alimwambia wasiende kwa dada, waende Bustan. Walipofika alimzuia mkono. "Leo usitie kaseti. Nihadithie wewe."

Desderius alimhadithia. Ndugu wawili, jeki, kisu, mtu aliyevuka bahari, na ndugu aliyebaki akamfuata. 

"Na sharifu yuko wapi?" aliuliza Bi Khole.

"Hii haina sharifu, Bibi."

"Basi si ya kwenye kaseti."

Desderius aliirudisha kaseti kwenye kasha lake.

"Huyo aliyebaki ana mke?"

"Anaye."

"Ana mtoto?"

"Wa nduguye. Ana miaka kumi na saba."

"Nipeleke huko Ghala," alisema Bi Khole.

Aliteremsha kioo mbele ya gereji, akamwagiza mfanyakazi mmoja amwite Msafiri. Msafiri alikuja akijifuta mikono kwa kitambaa. Alipomwona aliyeshika usukani alisimama, lakini hakukimbia. Maneno yaliyosemwa hapo yameandikwa kama marehemu alivyoyarudia mara tatu, bila kuyabadili.

"Wewe ndiye uliyemuua ndugu wa huyu?" aliuliza Bi Khole.

"Nilimchoma, mama. Sikujua kama amekufa mpaka nafika Kigoma."

"Na ulipojua?"

"Niliendelea na safari."

"Huna la kumwambia?"

Msafiri alimtazama Desderius. "Jeki hakuiiba. Meneja wa ushirika alikuwa ameiazima. Nilikuja kusikia baadaye."

Mkono wa Desderius ulikuwa chini ya kiti. Bi Khole aliuona, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kisasi ni cha kadhi, mwanangu. Si cha mtu na chuma chake. Jumamosi Ghassan anarudi kutoka Salala, tutakwenda naye polisi, atatusemea."  Desderius alitoa mkono ukiwa mtupu, akawasha gari, wakaondoka.

Jumamosi walikwenda polisi, Ghassan akasema yote yaliyopasa kusemwa. Askari walipofika Ghala, Msafiri alikuwa amekwisha kuondoka na nguo zake tangu Alhamisi ileile. Hakuonekana tena. Bi Khole alimwambia Desderius, "Mimi ndiye niliyesema Jumamosi," na hajaacha kulisema mpaka leo.

Desderius alimwandikia mama yake barua ya kurasa nne, akaeleza kila kitu, pamoja na habari kwamba Elikana hakuwa mwizi. Jibu lilikuja kwa simu ya parokia na lilikuwa sentensi moja: "Ulimwona kwa macho yako, ukawasha gari." Alikwenda likizo mwaka 1999 na 2003. Mara zote mbili mama Nyamizi alikaa chumbani hadi mwanawe alipoondoka.

Aliendelea na kazi Wattaya. Mwaka 1998 alikiri kwa Bi Khole kwamba yule hakuwa sharifu bali mtu wa serikali tu, mnywaji. "Nshajua tangu kaseti ya tatu," alisema Bi Khole. "Sharifu gani anatukana mama wa farasi, na tusi halihitaji tafsiri. Lakini wako ndiye mwema. Endelea naye." Aliendelea naye kwa miaka minane.

Mwaka 2005 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo uliotokana na kisukari. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Veneranda alikuja kumuuguza Machi mwaka huu, Dativa akafuata Oktoba. Alipoulizwa kama Alhamisi ile alifanya vyema, alisema hajui, kwamba amejiuliza kila siku na hakuna siku aliyopata jibu. Aliomba yaandikwe kama gazeti linavyoandika, asipambwe. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Novemba 2007, saa tisa na robo alasiri, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Familia iliomba azikwe Ipuli, kando ya Elikana. Mama Nyamizi alikataa. "Azikwe huko alikowasha gari," alisema. Ndiyo maana tupo hapa Muscat.

Ameacha mama yake, Nyamizi. Mjane wake, Veneranda. Na Dativa, binti wa Elikana, aliyemlea kama wake na ndiye anayesoma wasifu huu. Ameacha pia Bi Khole na mwanawe Ghassan, ambao wapo nasi. Mungu amjalie utulivu alioukosa.

Baada ya wimbo jeneza litashushwa katika kaburi namba 212, safu ya tisa. Jumamosi Veneranda na Dativa wataondoka Seeb kwenda Dar es Salaam, watapanda treni hadi Tabora, na wanatarajia kufika Ipuli Jumanne. Watabisha hodi kwa mama Nyamizi na kumwambia namba hiyo.