Mashine Iliyosubiri Utepe

Mgeni rasmi, viongozi wa hospitali, nanyi watoto wa marehemu mwenzetu mlioketi safu ya nyuma,

KARIBU
Sisi wahudumu wa wodi ya wagonjwa mahututi tunakukaribisha. Tulikutarajia mara mbili, ukapatwa na udhuru. Leo umefika, tunashukuru.

TULIKOTOKA
Kazi yetu ngumu ni kuingiza mpira mwembamba kwenye mshipa mkubwa wa shingo, upitishe dawa ambazo mishipa ya mkono haizihimili. Miaka yote daktari alipapasa shingo kwa vidole, akadunga kwa kukisia. Mshipa huo umekaribiana na pafu. Sindano ikienda upande, pafu linatoboka.

TUNAYOJIVUNIA
Tunanawa hadi viwikoni. Mgonjwa tunamfunika shuka safi mwili mzima. Waya wa kuongozea mpira ukitoka, aliyeushika hupaza sauti, "Waya huu hapa!" na wote tunautazama kabla ya kushona. Maambukizi yamepungua sana.

YALIYOTUKWAZA
Mashine ya altrasaundi, inayoonyesha mshipa ulipo, ililetwa kabla ya mvua zilizopita. Tukaagizwa isiguswe mpaka mgeni rasmi aizindue. Mama Cheko, mfanya usafi wetu, aliifuta vumbi kila asubuhi, akichunga utepe wa uzinduzi uliofungwa juu yake usichafuke.

Kisha akaugua yeye. Mishipa ya mikono ikagoma kupatikana. Daktari wetu alipovaa glavu, Mama Cheko akamuuliza, "Mwanangu, si utumie ile ninayoifuta?"

"Bado haijazinduliwa, mama."

"Haya. Mgeni akija, mwambieni niliitunza."

Pafu likatoboka. Tulihangaika kuitoa hewa iliyomjaa kifuani, tukashindwa, akatutoka. Tangu siku hiyo daktari akinawa, ananawa mpaka ngozi inachubuka. Hatumlaumu, agizo lilikuwa la wote. Tuna uchungu, mgeni rasmi, na hasira pia.

OMBI
Kifaa kikifika, kianze kazi siku hiyohiyo. Sherehe itafuata, hata bila maturubai.

La pili ni la leo. Kwenye kitanda cha dirishani yuko mama mwingine anayehitaji mpira wa shingo. Daktari amekwisha nawa, amesimama mlangoni mikono juu, anakutazama wewe. Tafadhali kata utepe sasa, kabla ya hotuba.

Mungu akulinde wewe na wako, wala shingo zenu zisipapaswe na mtu anayekisia. Mama Cheko aliitunza. Tumekuambia.

Ni sisi,
Wahudumu wa Wodi ya Wagonjwa Mahututi