Maisha ya Mzee Nusura, Mkuu wa Ghala Aliyefunga Geti

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, marehemu alituachia agizo kwamba wasifu wake usomwe bila kupambwa. Alisema mtu akishakufa hukosa kasoro ghafla, na yeye hakutaka kuzikwa akiwa mgeni mbele ya watu wanaomjua. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayesoma, ameahidi kutii. Hata hivyo, mzee atatusamehe tukijivuna kidogo, maana leo hawezi kutukatiza.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1953, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa fundi bati, na mama yake alishona sare za shule. Alipokuwa na miaka sita alivunja sindano ya cherehani, akakimbia hadi njia panda, kisha akarudi mwenyewe kusema ni yeye, kabla hata mama hajajua kuna sindano iliyovunjika. Bibi yetu alikuwa akicheka kwamba mtoto yule hata wizi asingeuweza, angejishtaki akiwa bado njiani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961 na sekondari mwaka 1968. Huko alikutana na somo la kemia, na penzi lao lilianza kwa ugomvi. Mwaka 1970, akijaribu kitu ambacho mwalimu alikuwa amekataza dakika mbili tu kabla, aliunguza nyusi zote mbili. Katika picha ya darasa ya mwaka ule anaonekana kama mtu aliyeambiwa habari ambayo hajaiamini mpaka leo. Alijiunga na chuo cha ufundi mwaka 1972, akahitimu mwaka 1974 na cheti cha utunzaji wa ghala.

Tarehe 6 Januari 1975 aliajiriwa kama karani wa ghala katika kiwanda cha dawa za kusafishia maji, rangi na plastiki. Ghala lile lilikuwa na milango minne ya chuma, paa la bati lenye matundu ya hewa, na harufu iliyoshika nguo hata zikifuliwa mara mbili. Mkuu wake wa kazi alikuwa mtu mpole, hodari, mpenda usafi, na alimfundisha kazi kama anavyofundishwa mdogo wa damu. Ni lazima tumtaje hapa kwa heshima, kwa kuwa bila yeye wasifu huu ungekuwa mwingine.

Asubuhi ya tarehe 22 Oktoba 1979 wageni wakubwa walitarajiwa kiwandani, na sakafu ilitakiwa ing'ae. Gunia moja la unga wa klorini lilikuwa limepasuka. Utaratibu ulikuwa kuuzoa kwa koleo safi, kidogo kidogo, na kuupeleka nje peke yake. Marehemu alikuwa na haraka. Alikwenda karakana ya seremala, akachota maranda yaliyokuwa yamelowa mafuta ya mashine, akayamwaga juu ya unga, akafagia vyote kwa dakika tano na kuvijaza kwenye pipa la taka. Pipa akalisukuma nyuma ya stoo ya thina ya kuyeyushia rangi, mahali ambapo wageni wasingepaona. Sakafu iling'aa kweli, na mkuu wake akamsifu. Lakini unga ule na mafuta ni paka na panya. Ukivichanganya hupata joto vyenyewe, bila kiberiti. Saa tano na robo pipa lilishika moto. Mkuu wake aliingia na ndoo ya mchanga, na thina ikalipuka akiwa ndani. Alifia humo, akiwa na miaka arobaini na moja.

Wachunguzi waliandika kwamba chanzo hakikujulikana. Marehemu alikijua, na kwa wiki tatu mtu yule aliyeshindwa kuficha sindano alificha pipa zima. Alituambia baadaye kwamba hakuwa akiogopa jela. Aliogopa macho ya watu wa zamu yake. Alikonda mpaka suruali zikahitaji kamba. Tarehe 12 Novemba alishindwa kuvumilia, akaenda nyumbani kwa mjane wa mkuu wake. Alimkuta anapiga pasi mashati ya watoto. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Mama yule hakulia wala hakumtukana. Alimaliza kola ya shati aliyokuwa nayo, akaweka pasi pembeni.

"Mimi umeshaniambia," alisema. "Wenzako umewaambia?"

Alijibu bado.

"Basi umekosea nyumba."

Kesho yake, wakati wa kupokezana zamu, marehemu alipanda juu ya kreti na kusema mbele ya watu wote ni yeye, alifanya nini, kwa mkono upi na kwa sababu gani. Alishushwa cheo akawa mfagiaji kwa miezi minane. Lakini jambo la ajabu likatokea. Baada yake mchanganyaji rangi naye alikiri kwamba amekuwa akitumia maranda yale yale kwa miaka miwili, na mpakiaji akasema yeye pia. Kumbe kosa lililoua lilikuwa desturi ya kiwanda kizima; ni bahati tu ilikuwa imelifunika. Hapo ndipo marehemu alipopata kazi yake halisi, ingawa mshahara ulibaki wa ufagio.

Mwaka 1980 alimwomba mhandisi mkuu ruhusa ya kuweka daftari karibu na mlango wa kusaini kazi. Aliomba kwa miezi mitatu, na mkaidi mwenzake akachoka kwanza. Juu ya jalada aliandika: "Andika kilichokaribia kutokea. Ukijiandika mwenyewe, huadhibiwi." Watu waliliita Daftari la Nusura, na mwenye daftari akaitwa Nusura, tangu akiwa kijana hadi alipoongezewa Mzee. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kisa chake cha maranda. Kila mwajiriwa mpya, hata mhandisi mwenye vyeti vya kujaza kabati, alisomewa ukurasa huo siku ya kwanza, na aliyesoma ni marehemu mwenyewe. Hakuwahi kumtuma mtu.

Mengine yaliyoandikwa humo yalichekesha. Dereva mmoja wa forklifti aliandika: "Leo nimetoa sigara nyuma ya stoo ya thina. Nimekumbuka njiti ikiwa mkononi. Naomba msinicheke." Walimcheka mwezi mzima, lakini wiki ile ile pakajengwa kibanda cha kuvutia sigara ng'ambo ya ua. Kutokana na daftari hilo maranda yalipigwa marufuku, mchanga mkavu ukawekwa kila mlango, asidi ikahamishwa mbali na klorini, na mlango wa nyuma uliokuwa umezibwa na maboksi ukafunguliwa usizibwe tena. Mwaka 1988 akawa mkuu wa ghala.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na muuguzi wa zahanati ya kiwanda. Kabla ya kumchumbia alimsimulia habari ya pipa, akidhani atakataliwa. Bibi harusi mtarajiwa alimjibu kwamba siku ile marehemu alikuwa juu ya kreti akipiga kelele, na yeye muuguzi alikuwa safu ya mbele, kwa hiyo aendelee na swali alilojia. Walijaliwa watoto watatu. Nyumbani mafuta ya taa hayakuwahi kulala chumba kimoja na jiko, na dawa ya mende haikuingia kwenye chupa ya soda hata kwa bahati mbaya. Kila chupa ilikuwa na karatasi yake. Mama alizoea kusema anaogopa siku moja ataamka naye amebandikwa.

Mwaka 1998 meneja mpya wa uzalishaji alilisoma daftari, akaona humo orodha ya wazembe iliyoandikwa kwa mikono yao wenyewe. Alitaka kumwachisha kazi mpakiaji aliyekiri kuangusha pipa. Marehemu hakupandisha sauti. Alimwambia: "Meneja, ukimwadhibu huyu, kesho utafungua daftari ukute kurasa nyeupe. Utafurahi sana. Na hizo nyeupe ndizo zitakazotuua." Meneja alimwacha mpakiaji, ila hakumwacha marehemu; kwa miaka mingi marehemu hakupandishwa mshahara bila maneno. Waswahili wamesema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na meneja alimwona hivyo, mzee wa kushtukia nyasi.

Tunafika tarehe 14 Agosti 2007. Wakati huo kiwanda kilikuwa na chumba cha baridi chenye mapipa ya dawa ya kugandishia plastiki. Dawa hiyo ikikosa ubaridi huanza kuchemka yenyewe, na ikichemka haina breki. Saa tatu kasorobo asubuhi marehemu alisoma daftari kama ada. Mama mfagiaji alikuwa ameandika: "Mlango wa chumba cha baridi una joto. Labda ni mimi." Kipimajoto ukutani kilionyesha nyuzi nne, sawasawa kabisa. Marehemu aliweka mgongo wa mkono mlangoni, akauondoa, akauweka tena. Alimpigia meneja simu. Meneja, ambaye ni yule yule, alisema kipimajoto kipya hakiwezi kushindwa na kiganja cha mfagiaji, na wamsubiri fundi wa mitambo mpaka mchana.

Marehemu alikata simu akapiga kengele. Watu sitini na watatu walitoka, akawavusha geti la nje, akawapeleka mpaka nyuma ya ukuta wa bohari la mbao, akawahesabu mara mbili. Kisha hakikutokea kitu. Nusu saa ikapita. Utani ukaanza, mmoja akasema Mzee Nusura safari hii ameota, mwingine akakumbuka chai yake imepoa. Meneja alifika amefura, akaamuru kila mtu arudi kazini, na baadhi wakaanza kujipangusa suruali. Marehemu alikuwa na miaka hamsini na minne, na watoto wawili bado shuleni. Alifunga geti, akasimama akiliegemea kwa mgongo.

"Kama nimekosea, kesho nifukuze," alimwambia meneja. "Leo hapiti mtu."

Yeye mwenyewe alitwambia kwamba dakika zile aliomba mambo mawili yasiyopatana: ghala lisilipuke, na asionekane mpumbavu. Walibishana dakika kumi na moja. Saa tatu na dakika hamsini na mbili chumba cha baridi kililipuka, kikaondoka na paa lote la ghala na ukuta wa mashariki. Vioo vilivunjika hadi mtaa wa tatu. Marehemu alipoteza usikivu wa sikio la kushoto. Hakufa mtu hata mmoja. Baada ya moshi kupungua alimkuta meneja amekaa chini kando ya barabara, akamletea maji, akakaa kando yake. Uchunguzi ulikuta kipimajoto kilikuwa kimeganda kwenye nne kwa siku mbili.

Tunajivunia siku ile, na tunajivunia zaidi alichofanya baada yake. Alikataa kuitwa shujaa. Walipomwandalia cheti alisema kiandikwe kwa mama mfagiaji, na kikaandikwa. Meneja yule yule ndiye aliyempeleka viwanda kumi na tisa kufundisha, na kila kimoja akakiachia daftari lake. Popote alipokwenda alianza na maranda, mbele ya watu wasiomjua, akiwaambia kwamba hatari haianzii kwenye pipa. Inaanza mtu anapoona jambo akanyamaza. Alistaafu tarehe 28 Februari 2013.

Mwaka 2022 madaktari waligundua kwamba mapafu yake yamechoka, jambo lisilowashangaza waliojua alichopumua kwa miaka thelathini na minane. Tarehe 19 Aprili mwaka huu wa 2025 alilazwa wodi namba mbili, kitanda cha dirishani. Siku ya pili alimwita muuguzi, si kwa maumivu, bali kumwonyesha kwamba mitungi ya oksijeni imesimama bila mnyororo. Ilifungwa jioni ile ile katika wodi zote. Siku ya Jumanne, tarehe 6 Mei, saa nne asubuhi, alimshika mama mkono, akauliza kama sote tumekula, akajibiwa tumekula. Alifariki kabla ya adhuhuri, akiwa na miaka sabini na miwili.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanane, dada wawili na kaka mmoja. Desturi ingetutaka tuishie hapa, lakini jana mama mfagiaji alikuja nyumbani na karatasi iliyokunjwa. Amekuwa akiandika kila mtoto aliyezaliwa kwa wazazi wa zamu ile tangu asubuhi ile ya Agosti. Wamefika arobaini na saba. Mkubwa wao anamaliza sekondari mwaka huu, na mdogo, mwenye wiki tano, yuko hapa mgongoni mwa mama yake, amelala. Familia imekubaliana wahesabiwe miongoni mwa aliowaacha.

Mungu ampe baba yetu usingizi wa amani kama wa mtoto huyo.