Isaac Khamala, Mwalimu wa Maharagwe

Ndugu, jamaa na majirani wa Kianda, aliyelala mbele yetu ni Isaac Khamala, mtoto wa pili wa marehemu mzee Khamala na mama Sella, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Khwisero, kaunti ya Kakamega, akaletwa hapa Kibera mwaka 1994, akasomea shule ya msingi papa hapa mtaani, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2004 na kupata A katika kemia, na matokeo ya Kiswahili mwenyewe aliomba yasitajwe hata siku ya leo.

Baada ya diploma ya ualimu aliajiriwa Januari 2009 katika shule ya kibinafsi eneo la Kongo, mtaa wa Kawangware, shule isiyo na maabara wala chupa moja ya asidi, kwa hivyo Isaac alifundisha kemia kwa maharagwe. Aliwasimamisha wanafunzi wawili mbele ya wenzao, mmoja sodiamu mwenye maharagwe kumi na moja, kila moja likiwa elektroni, lile la mwisho likiwa peke yake katika duara la nje, mwingine klorini mwenye kumi na saba, duara lake la nje likipungukiwa na moja tu, kisha sodiamu akampa mwenzake lile lake na kubaki na chaji chanya, klorini akalipokea na kuwa na chaji hasi, na hapo mwalimu aliwafunga mikono kwa leso na kuliambia darasa, “Huyu amepeana, huyu amechukua, haya sasa, jaribuni kuwaachanisha.” Aliyeandika kwamba wamegawana alikiona cha moto, kwani kugawana, alisema, ni bondi, yaani kifungo, ya aina nyingine kabisa, hapa mmoja ametoa na hatarudishiwa. Tena aliwakumbusha kwamba sodiamu peke yake hulipuka ikiguswa na maji, klorini peke yake huua ikivutwa, lakini zikishaungana ni chumvi tu, tunatia kwenye sukuma wiki.

Tarehe 15 Desemba 2012 alimuoa Trizah, muuza mboga wa karibu na stendi ya Olympic, mwenye mdomo mkali na asiyejua kumnyima mtu, wakajaliwa Mitchelle mwaka 2014 na Marvin mwaka 2020. Mwaka huo wa korona shule ilifungwa, Isaac akaanza kutengeneza sabuni, dawa ya choo ya asidi na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo katika chumba chao, na hata shule ilipofunguliwa hakuiacha kazi hiyo. Mitungi yake ilikuwa ile ile ya mafuta ya kupikia tunayochotea maji sote, kwa hivyo ule wa dawa ya nguo aliufunga uzi wa buluu, na usio na uzi ukawa wa asidi.

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025 mifereji ya maji ya Kianda ilikuwa imekauka, mtungi mtupu ukawa lulu, jirani akaja kuomba mmoja, na Trizah, ili ampatie, alitoa asidi iliyokuwa imebaki katika mtungi mmoja na kuimimina ndani ya mwingine usio na uzi, kumbe huo ulikuwa wa dawa ya nguo, uzi wake ulikuwa umepotea siku mtungi ulipoazimwa kuchotea maji, na hakuna aliyeufunga mwingine. Hewa ya klorini ilijaa chumbani, Isaac akaingia mbio akamtoa mkewe na Marvin, na hapo wote watatu walikuwa wamepona. Lakini nyuma ya ukuta wa bati ni chumba ambamo Mabruka, anayetoka Makina, hulea watoto wa kina mama walioenda kazini, na siku hiyo walikuwa tisa, wamelala. Isaac alirudi ndani, akaubeba mtungi ukifoka povu hadi mtaroni, na njiani pumzi ilimwishia, akalazimika kuvuta ile hewa.

Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 11 Februari, mapafu yamejaa maji, na inatuuma sana. Kabla ya hapo alijivua barakoa ya oksijeni, muuguzi akimkaripia, akasema kwamba kufunga uzi ule ilikuwa kazi yake, si ya Trizah, na kwamba mkewe asiachwe. Tunayasema haya kwa sauti kwa sababu tangu Jumatano wapo wazee wetu wanaonong'ona kwamba aliyechanganya kifo hawezi kuisindikiza maiti nyumbani, abaki Nairobi na watoto wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania pumzi zake, walimu wenzake na wanafunzi waliotembea kutoka Kawangware, majirani waliotupikia, na Mabruka, aliyekuja na wale watoto wote tisa, ndio hao mnaowasikia wakilia. Gari la Khwisero linaondoka baada ya sala, kiti kilicho karibu na jeneza ni cha Trizah, na asiyetaka kusafiri naye ajitafutie usafiri.

Pumzika kwa amani, mwalimu, hatutawaachanisha.