Jicho la Kushoto la Emanueli

Kijiwe cha kahawa cha Ketrina kipo Tunduma, hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, na asubuhi ile ya Alhamisi benchi lilikuwa na watu wake walewale watatu. Alinanuswe, mbadilisha pesa ambaye mji mzima unamwita Kwacha. Mabula, fundi wa malori, jina la kijiweni Gia. Na Sebastian, mwenye kibanda cha kutengeneza kadi, mabango na picha za kumbukumbu, ambaye walishambatiza Dizaini. Siku nyingine yeye ndiye huanzisha kelele. Siku hiyo alishika kikombe mpaka kahawa ikapoa, simu kailaza kifudifudi juu ya paja.

— Dizaini, unaumwa? Ketrina alimuuliza.

— Siumwi. Kuna kitu nimekiona, nashindwa kukielewa.

Akawasimulia. Jumanne alifika mama mmoja kutoka Mlowo, mama Ferista, na picha ya pasipoti kaifunga ndani ya leso. Ilikuwa ya mwanawe Emanueli, utingo wa malori aliyevuka mpaka miaka tisa iliyopita na hakurudi. Simu hakupiga, salamu hakutuma. Picha nyingine hana. Alitaka jambo moja tu: amwone mwanawe akijongea pale pichani.

— Kazi ndogo hiyo, alisema Sebastian. Programu ninayo. Unaiwekea picha, halafu unajirekodi mwenyewe kwa simu: unageuza shingo, unatabasamu, unapepesa macho. Yenyewe inachukua mwendo wa uso wako, inaivisha ile picha. Nikamaliza, nikamwonyesha.

— Akalia, alisema Gia.

— Angelia ningeelewa. Alicheka. Akaniambia, "Ee, ni yeye. Jicho la kushoto linatangulia kufumba, la kulia linafuata. Tangu mchanga alikuwa hivyo."

— Sasa tatizo liko wapi, mwana?

— Mwendo ule ni wangu, Gia. Na mimi sipepesi hivyo.

Akaigeuza simu. Kwanza akawaonyesha rekodi yake mwenyewe. Macho mawili yalifumba pamoja, yakafumbuka pamoja. Kisha akafungua ya Emanueli: shati jeupe, ukuta wa bluu, kijana wa miaka ishirini na kitu anayetazama mbele kama anayengoja kuitwa jina. Kichwa kikageuka kidogo. Jicho la kushoto likafumba. Halafu la kulia.

— Rudisha, alisema Kwacha.

Akarudisha. La kushoto. Halafu la kulia.

— Hitilafu tu hiyo, bana, alisema Gia. Hata injini, pistoni moja inapishana na mwenzake. Unafungua, unarekebisha, maisha yanaendelea.

— Hitilafu iangukie palepale mama anapopajua? Kwacha alimkatiza.

Gia akakuna kidevu.

— Basi ni mtandao. Hizi programu zimelishwa sura za watu wa dunia nzima. Jamaa atakuwa alirekodiwa mahali, mashine ikamkumbuka.

— Alirekodiwa lini? aliuliza Ketrina. Kwao Mlowo picha yenyewe ni moja.

— Huko alikokwenda.

— Kwa hiyo unasema yuko hai.

— Sijasema hivyo.

— Umesema, Gia. Umesema hapa mbele yetu.

Gia akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo, akatazama malori.

— Mie nawaambia, alisema Kwacha, na sauti yake ilikuwa imeshuka, picha nayo inashika pumzi. Siku ile anapigwa picha, kabla mwanga haujawaka, alipepesa. Ule mpepeso ukabaki humo ndani, umekaa miaka yote. Dizaini kaja kuufungulia.

— Acha hizo, Kwacha, alisema Gia.

— Ama basi Emanueli aliuazima uso wa huyu. Si umekaa mbele ya simu, Dizaini, unajiambia mimi sasa ni Emanueli? Mtu asiye na pa kukaa akikuta mlango uko wazi, atabaki nje?

Sebastian akailaza tena simu kifudifudi. Kuna jambo alikuwa bado hajawaambia. Jana mchana alijifungia kibandani, akajirekodi upya mara saba. Alijaribu kwa picha ya shemeji yake, kwa ya mteja wa harusi. Wote walipepesa kama yeye. Mara ya saba hakupepesa kabisa. Alikodoa macho mpaka machozi yakamtoka, kisha akaivisha rekodi ile picha ya pasipoti.

Emanueli alipepesa.

Neno lilikuwa limeshamfika mdomoni bodaboda iliposimama mbele ya benchi. Aliyeshuka alikuwa mama Ferista mwenyewe, kitenge safi, leso mkononi.

— Shikamoo, mama, walisema karibu kwa pamoja.

— Marahaba, wanangu. Kibandani sikukukuta, Sebastian. Wakanielekeza huku.

Ketrina akampisha kigoda chake, akammiminia kahawa. Mama hakuigusa.

— Jumanne sikukwambia yote, alisema. Ukoo wameamua tumfanyie Emanueli ibada ya msiba. Miaka tisa nimewakatalia. Jumatatu nikaridhia, nimechoka. Mchungaji anakuja keshokutwa, msalaba uko kwa seremala, jina lake limeshaandikwa. Kwako nilikuja nimuage tu mwanangu.

— Pole, mama, alisema Kwacha.

— Sasa tangu nimwone vile, nikitaka kusema marehemu, mdomo unakataa.

Sebastian akainuka, akachuchumaa mbele yake.

— Mama, nisamehe. Ile ni mashine. Aliyegeuza shingo ni mimi. Aliyetabasamu ni mimi.

Mama Ferista akamtazama machoni. Alitazama muda mrefu, taratibu, mpaka Sebastian akapepesa.

— Shingo sawa, alisema. Tabasamu nalo sawa, halikuwa lake, niliona. Lakini wewe hupepesi hivyo, mwanangu.

Sebastian akatafuta uongo wa kumsaidia. Angeweza kusema alikosea mahali, kwamba jicho alilitengeneza kwa mkono.

— Basi nyie mnaoijua mashine niambieni, alisema mama Ferista. Jumamosi watu waje, ama wasije?

Gia akainamia viatu vyake. Ketrina alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe, na kahawa ikajaa, ikamwagika mpaka chini, asiione.

Mama Ferista hakushangaa. Akasogeza kigoda karibu na benchi, akakaa vizuri, akawangoja.