Mzee Yosia Pazi, Mtafsiri wa Sinema za Upanga

Wapendwa waombolezaji, wasifu huu wa Mzee Yosia Nehemia Pazi umeandikwa na binti yake wa kwanza, Recho, na ndiye anayeusoma. Anapotajwa humu amejiita kwa jina lake, kama ilivyo desturi, na pia kwa sababu yapo mambo ambayo asingeweza kuyatamka mbele yenu akisema "mimi".

Mzee Yosia alizaliwa Maneromango, wilayani Kisarawe, Jumanne tarehe 14 Machi 1961. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mwinjilisti Nehemia Pazi na Mama Zena, wote wametangulia. Bibi Zena alipenda kusimulia kwamba Yosia alianza kusema kabla ya kutembea, tena hakusema maneno yake mwenyewe. Alikuwa akimsemea mbuzi, akimsemea jogoo, akimsemea hata mgeni aliyekuwa bado hajafika mlangoni.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Maneromango kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Mwaka 1972 lilikuja gari la sinema, wakatundika shuka jeupe kati ya milingoti ya goli. Kwanza ilionyeshwa picha ya kilimo cha pamba, ikafuata ya watu wenye panga wakirukaruka juu ya meza. Walisema lugha ya kigeni na hakukuwa na wa kueleza, kwa hiyo watu wakaanza kukung'uta mikeka yao waondoke. Yosia, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akapanda juu ya tofali na kupaza sauti: "Huyu anasema, 'Mwizi wa kuku wewe, leo utanitambua!' Na huyu anajibu, 'Kuku mwenyewe ndiye aliyenifuata!'" Hakuwa anajua neno hata moja la lugha ile. Watu wakatandika mikeka upya. Kesho yake mwalimu mkuu alimchapa viboko viwili kwa kusema uongo hadharani, kisha akamvuta pembeni na kumwuliza picha iliishaje, maana yeye aliwahi kuondoka.

Mwaka 1978 alikwenda Kisarawe mjini kujifunza ufundi wa redio kwa Fundi Said. Mwaka 1983 alihamia Kibaha, akaweka meza yake ya ufundi katika mtaa wa Picha ya Ndege. Mwaka 1992 yeye na rafiki yake, Mzee Hussen Mwinyimadi, ambaye yupo nasi leo, walifungua banda la video. Lilikuwa la mabati, lenye mabenchi tisa, televisheni moja na deki moja ya kanda za video. Mzee Hussen aliendesha mashine. Mzee Yosia alisimama kando ya televisheni akiwa na kipaza sauti, akatafsiri.

Zilikuwepo picha za kila aina, za ngumi, za vita, za kulia. Zilizompa jina ni zile nyepesi za upanga: maharamia wenye manyoya kwenye kofia, mabinti wanaotorokea dirishani, askari wanene wanaotumbukia kwenye mapipa, na steringi, yaani shujaa wa picha, anayepigana na watu watatu huku anacheka. Katika mojawapo, steringi huyo suruali ilimporomoka katikati ya mapigano. Akainua mkono kuomba subira, akafunga mkanda, na askari wakamngoja. Wenyewe walisemaje hakuna aliyejua. Kwa Mzee Yosia, steringi alisema, "Jamani, nisitirini kwanza, tutauana baadaye." Na mkubwa wa askari akajibu, "Fanya haraka basi, wali unapoa nyumbani."

Alivyotafsiri yeye, hakuna aliyechomoa upanga kabla ya salamu. Kijana alimwamkia mzee shikamoo, mzee akaitikia marahaba, ndipo vyuma vikalia. Watu waliotoka mikoa yote kuja kununua viwanja Picha ya Ndege walijifunza utani wa Kizaramo mbele ya televisheni ile. Marehemu Bi Hajra, aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga, alifiwa na mumewe mwaka 1996. Kwa miezi mingi alifika bandani kila siku saa kumi jioni, akaketi benchi la mlangoni. Siku moja alimwambia, "Yosia mwanangu, kwangu kila kona inaniliza. Hapa nacheka kidogo, halafu napata nguvu ya kwenda kupika." Na mwenyekiti wa mtaa wa wakati huo alipouliza picha za namna ile zina faida gani, Mzee Yosia alimjibu, "Mheshimiwa, hawa watu wanafukuzwa, wana njaa, mbele bahari nyuma upanga, na bado wanataniana. Mtu akitoka hapa akabaki na hilo hadi nyumbani kwake, kazi yangu nimeimaliza."

Mzee Yosia alifunga ndoa takatifu na Mboni, binti kutoka kijiji cha Kibuta, Jumamosi tarehe 17 Desemba 1988, katika kanisa hili la Maneromango. Walijuana Mama Mboni alipopeleka redio kutengenezwa. Redio ilikuwa nzima, betri ndizo zilizokwisha, na wote wawili walilijua hilo tangu mwanzo. Mungu aliwajalia watoto watatu: Recho, Tunu na Nehemia. Mabenchi tisa yale ndiyo yaliyowasomesha wote.

Hapa Recho anaomba mvumilie.

Mwaka 2006 alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Wakati huo sauti ya baba yake ilikuwa imesambaa kwenye sidii hadi Dar es Salaam. Jumamosi moja mchana wasichana waliwekewa picha, na sauti ikatoka: "Nisitirini kwanza!" Bweni zima likaangua kicheko. Rafiki yake Saida akamwuliza, "Recho, huyu mzee si wa kwenu Kibaha? Tena ni Pazi kama wewe. Unamjua?" Recho akasema, "Simjui. Pazi ni wengi." Kisha akacheka pamoja nao, tena akacheka kwa nguvu kuliko wote. Kwenye fomu ya shule, palipoandikwa kazi ya mzazi, alijaza "mfanyabiashara". Mzee Yosia alipokuja siku ya wazazi, akiwa na shati lililopigwa pasi na Mama Mboni na fungu la machungwa mkononi, Recho alimpokea getini na kumwambia kikao kimeahirishwa. Kikao hakikuwa kimeahirishwa. Mzee alimkabidhi machungwa, akageuka, akarudi zake.

Miaka kumi baadaye, Ijumaa tarehe 12 Agosti 2016, ilikuwa sherehe ya kumuaga Recho kabla ya ndoa yake, kwenye ukumbi mmoja hapo Kibaha. Baba mkwe wake ni ofisa elimu mstaafu, na kwao Recho alikuwa amesema baba yake anauza vifaa vya umeme. Siku moja kabla, alimkuta mzee uani, ameshika karatasi aliyoiandika pande zote mbili.

"Baba, kesho naomba usiongee."

"Hata neno la baraka?"

"Atasema baba mdogo. Ukishika kipaza sauti, watu watataka zile sauti zako. Wakwe hawajui."

 Mzee akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Sawa, mama," akasema. "Siku ni yako."

Ukumbini, meza za watu wa Picha ya Ndege zilikuwa nyuma. Ulipofika wakati wa nasaha wakaanza kuita, "Mzee Pazi! Mzee Pazi!" Mshereheshaji akampelekea kipaza sauti. Mzee akakifunika kwa kiganja, akaonyesha kooni kwake kana kwamba sauti imemkauka, akakipitisha kwa mdogo wake. Mama mkwe akamwinamia Recho na kumnong'oneza, "Baba yako mpole sana." Recho akajibu, "Ndivyo alivyo." Wakwe mliopo hapa, mtu yule mliyeonyeshwa siku ile hakuwa Mzee Yosia. Recho anawaomba radhi kwa uongo huo, na anajua waliostahili kuombwa kwanza walikuwa kwenye zile meza za nyuma.

Mzee Yosia alisumbuliwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2019. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 9 Februari 2024 alipata kiharusi akiwa nyumbani anapiga mswaki. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakawa mazito, yanatoka moja moja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliosaidia kumbeba, na Mzee Hussen, ambaye kwa mwaka mzima na nusu alikuja kila asubuhi kumnyoosha mkono na mguu.

Recho, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari, alikuwa akienda kumwona kila Jumapili. Jumapili moja ya mwezi Juni mwaka huu alibeba kompyuta yake, akamwekea mojawapo ya sidii za zamani zenye sauti yake. Mzee akatikisa kichwa. Hakutaka kujisikia. Recho akaweka picha nyingine ya upanga, isiyotafsiriwa. Mzee akamnyooshea kidole cha mkono wa kushoto.

"Tafsiri."

"Mimi, Baba? Siwezi."

"Tafsiri."

Akaanza, huku akitazama mlango kama kuna mtu anapita. "Nahodha anamwarifu mwenzake kwamba chombo kimevamiwa..."

Bega la mzee likaanza kutikisika. Recho akadhani amezidiwa, akainuka. Kumbe anacheka. "Taarifa... ya habari," akasema. "Mpe... mdomo."

Recho alijaribu tena. Akamfanya nahodha amsalimie adui na kumwuliza hali za watoto. Akamfanya adui alalamikie bei ya sukari. Mama Mboni akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama kusikiliza. Mwanamke kwenye ile picha alipomsukuma haramia baharini, Recho akasema kwa sauti ya shangazi wa Kibuta, "Nenda ukaoge, unanuka!" na wote watatu wakacheka mpaka machozi. Siku ile, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, ndipo Recho alipoelewa Bi Hajra alikuwa akifuata nini bandani.

Picha ilipoisha alipiga magoti kando ya kitanda. "Baba, siku ile ukumbini. Na siku ile ya machungwa."

"Nilijua," mzee akasema. "Getini... nilisikia... wazazi wakiimba ndani."

 Mzee akapumua, akaanza kusimulia, na kile ambacho zamani angekisimulia kwa dakika moja kilimchukua karibu nusu saa. Baba yake, Mwinjilisti Nehemia, aliamini sinema ni mtego wa shetani. Mwaka 1997 alikuja Kibaha kutibiwa akakaa wiki mbili. Kwa wiki hizo mbili Yosia alifunga banda, akamwambia Mzee Hussen aseme mashine imeharibika, na kila asubuhi akaketi kwenye meza yake ya zamani akifungua na kufunga redio moja ile ile ili baba yake amwone. Mwinjilisti alifariki mwaka 1999.

"Amekufa... anajua natengeneza redio," mzee akasema. "Nilimwonea aibu... au nilijionea. Hata leo sijui." Akamshika Recho mkono kwa ule wake mzima. "Siku yangu... usiseme redio."

Recho akaahidi.

Mzee Yosia Pazi aliaga dunia nyumbani kwake, Picha ya Ndege, Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, saa nane mchana, Mama Mboni akimnywesha uji. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne.

Kesho yake familia ilikaa kuandaa wasifu huu. Mmoja wa wazee akasema wakwe watakuwepo, akiwemo yule ofisa elimu, na wachungaji pia, basi tuandike "fundi na mfanyabiashara", inatosha. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Recho. Alikuwa ameahidi, na miezi mitatu ilikuwa haijatimia. Akaandika "fundi na mfanyabiashara". Akausoma mwanzo mpaka mwisho mbele ya wote, na hakuna aliyepinga.

Mama Mboni alikuwa amelala kwenye mkeka, kajifunika kanga mpaka kichwani. Akajifunua, akaketi. "Huyo mnayetaka kumzika simjui," akasema. "Mimi mume wangu alikuwa anatafsiri sinema."

Recho alichana karatasi ile na kuanza upya, na ndiyo hii mnayoisikia. Angependa kuwaambia kwamba aliichana kwa ujasiri wake. Haikuwa hivyo. Alisemewa na mama yake, kama vile miaka yote alivyolishwa na kuvishwa na kazi ambayo hakutaka kuitaja.

Marehemu ameacha mjane, Mama Mboni, watoto watatu, Recho, Tunu na Nehemia, wajukuu wanne, wadogo zake wawili, wakwe, rafiki yake wa miaka arobaini, Mzee Hussen Mwinyimadi, na watu wa Picha ya Ndege, ambao leo wamepangiwa viti vya mbele.

Mungu ampokee mtumishi wake Yosia, amsamehe yeye na sisi tuliomnyamazisha, na udongo wa Maneromango umlaze kwa amani hadi asubuhi ile ya ufufuo.