Miti ya Ubatizo Isiingie Tanurini

Makaribisho

Mgeni rasmi, Baba Mwangalizi wa Distrikti, Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wakubwa wa Chama na wa mtaa, jirani zetu Waislamu mliovuka bonde kuja kukaa nasi, ndugu wote.

Sisi mama wa Kikundi cha Chemchemi, kanisa la Katende hapa Kindu, tunakusalimu kwa furaha. Barabara ya kutoka Kalima tunaijua, na tope la gari lako limetusimulia safari yote. Karibu, pumzika, kuku yuko jikoni. Programu inasema tukimaliza kusoma utawasha tanuri la matofali ya kanisa jipya. Ndiyo maana tuliomba tusome kabla ya moto.

Tulikotoka

Kilima hiki kilicho nyuma ya kanisa kilikuwa kipara. Kila nyumba ilikata kuni pale, mashamba ya mihogo yakapanda juu zaidi kila mwaka, na mvua ikawa inashuka na udongo. Korongo lilifika hadi kwenye ua wa kanisa. Chemchemi iliyo chini ya kilima, ambayo mtaa mzima unachota, ikageuka matope, na watoto wetu wakaugua kuhara.

Jumapili tuliimba kwamba nchi ni mali ya Bwana. Jumatatu tulichukua panga tukaenda kuikata. Siku moja, katika mkutano wa mama, Mama Pélagie alisimama (wakubwa watusamehe, tunajua Chama kimekataza majina ya Kikristo, jina hilo tunamwita humu kanisani tu) akauliza: "Kama ile kilima njo ya Bwana, juu ya nini tunaitunza vile?" Tulifunga mkutano kwa sala fupi kuliko zote, tukaenda nyumbani na aibu yetu.

Tuliyoyafanya

Tulianza na ubatizo. Tangu hapo, kila mtoto anayebatizwa hapa anapandiwa mti kilimani. Wasimamizi wake wanachimba shimo, na maji yanayobaki kwenye beseni la ubatizo yanamwagwa kwenye mche, si uani. Tumepanda misafu ya matunda, miparachichi na mianzi.

Mwaka wa kwanza tuliharibu. Sisi ni watu wa kanisa, tukaipanda kama mabenchi, mistari miwili imenyooka kutoka juu hadi chini na njia katikati, yote ikitazama mlango wa kanisa. Ilipendeza sana. Mvua ya kwanza ikashuka kwenye ile njia kama bibi arusi, ikabeba miche na mbolea yake hadi mlangoni. Tukacheka, tukalia, tukapanda upya kwa mistari inayokata mteremko, si ya kushuka nao.

Kisha ikaja sadaka ya majani. Jumapili ya kwanza ya mwezi, mbali na sadaka ya kawaida, kila nyumba inaleta kikapu cha maganda ya ndizi, majivu na majani makavu, tunaviombea mbele ya madhabahu, halafu tunavipeleka kwenye miti. Mara ya kwanza Mchungaji wetu alihubiri ameziba pua kwa leso. Siku hizi yeye ndiye anayetukemea tukija na vikapu vitupu. Katika sala ya toba tunataja pia mto tulioutia taka na msitu tuliouchoma, kwa sababu hizo nazo ni dhambi na zina watu wa kuzitubu. Jumamosi, salongo ikiisha, ile kazi ya lazima ya mtaa, tunapanda na majembe yetu yale yale.

Mzee Hamadi, jirani yetu, alikuja mwenyewe akasema: "Miye niko Muislamu, lakini ile maji njo nachukuaka udhu nayo. Munipe shimo, na miye nipande." Tulimpa. Leo korongo limesimama, na hata kiangazi chemchemi inatoa maji meupe.

Kinachotuumiza

Baba Mwangalizi, hatupingi kanisa jipya. Hili la zamani linavuja, na nyasi zake zimechoka. Ila kamati ya ujenzi imepaka alama ya chokaa kwenye miti ya kilima. Kuni zilizomo tanurini leo ni za kuanzisha moto tu. Kesho kutwa, Jumatatu, shoka zinapanda kukata miti yetu ili matofali yaive.

Tulimwendea Tambwe, mwenyekiti wa kamati, mtu tunayempenda na anayefanya kazi kwa bidii. Alituambia: "Mama, matofali haiivake na maombi." Kweli. Lakini maji nayo hayarudi kwa maombi matupu. Tulishajaribu, tukapiga magoti mwaka mzima huku panga ziko mikononi.

Kati ya miti yenye chokaa umo msafu wa mtoto wa Mama Pélagie. Mtoto mwenyewe surua ilimchukua. Msafu umezaa mwaka huu mara ya kwanza, na mama yake aligawa matunda hapa mlangoni baada ya ibada. Tunasema wazi: inatuuma, na tumekasirika.

Tunachoomba

Tunaomba kanisa lijengwe kwa matofali ya udongo yanayokaushwa juani, juu ya msingi wa mawe. Mawe tutayabeba sisi kutoka mto Lualaba. Tambwe anasema ukuta wa namna hiyo haubebi mnara. Basi tusiwe na mnara. Mungu atatuona tu hapa chini. Bati litokeze mbele kulinda kuta, na maji ya bati tuyaongoze kwenye miche.

Tunaomba pia desturi ya mti wa ubatizo uipeleke katika makanisa yote ya Distrikti, Lokandu hadi Tunda. Na tunaomba leo usiwashe moto huu.

Kama hili la mwisho haliwezekani, tutaendelea kusali chini ya nyasi zinazovuja, na hatutakuwa na kinyongo na mtu. Lakini hatutaondoka kilimani. Jumatatu asubuhi wenye shoka watatukuta huko juu, kila mama kwenye mti wa mwanawe, tuko katika ibada. Nyimbo tumeshazichagua. Mhubiri bado hatuna, Baba, na tunakuomba uwe wewe.

Bwana aliyempa mtu bustani ailime na kuitunza akupe nguvu ya kuamua, akurudishe salama kwa watoto wako, na mvua yake ya mwaka huu ituingie taratibu.

Ni sisi,
Mama wa Kikundi cha Chemchemi, Kanisa la Katende, Kindu.
Imesomwa kwa niaba yao na Mama Mwavita.