Vitabu Kumi na Viwili vya Muuguzi

Mzazi mwenye mtoto anayetaka kubadili masomo asikie haya. Mama mmoja mshonaji alikuwa kwenye treni ya asubuhi. Mbele yake, muuguzi kijana alimwonyesha mzee aliyekaa naye barua mbili: ya kukubaliwa kusoma uzamili wa fizikia, na ya kuacha kazi hospitalini, ambayo alikuwa anaipeleka.

"Hongera, binti yangu," alisema mzee. "Mimi nimefundisha fizikia miaka thelathini. Umejiandaaje?"

"Nimemaliza vitabu kumi na viwili, baba. Nyota, mwanga, atomu, niulize chochote!"

"Na maswali umekokotoa mangapi?"

"Maswali?"

"Ndiyo. Kwa kalamu, mpaka jibu."

Binti alicheka kidogo. Mama wa watu huko nyuma akabana pumzi kana kwamba ameulizwa yeye, maana bintiye aliyesomea sheria, ambaye sasa anataka fizikia, ana rafu nzima ya vitabu hivyo, na kalamu hajamwona nayo.

"Unanikatisha tamaa, baba."

"Hata kidogo. Omba kwanza mwaka mmoja wa kusoma na wale wanaoanza shahada, huku zamu zako unaingia."

"Nikae na vitoto? Mimi na miaka yangu thelathini na moja?"

"Vitoto hivyo hivyo ndivyo vitakavyokuelekeza."

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Binti alizitia barua mkobani, akaaga kwa heshima, akashuka. Mama akamkodolea macho dirishani, asijue kama ile ya kuacha kazi itafika.